Mstari Uliotulia Ijumaa

Mwalimu Amulen hakuwa na digrii. Hakuwa na maabara, wala kompyuta ya kwake, wala mtu wa kujadiliana naye habari za anga hapa Malaba. Ile nuru ya rangi inayowaka angani kwenye ncha za dunia aliwafundisha watoto wa darasa la saba kila mwaka, lakini hakuwahi kuiona.

Alichokuwa nacho kilikuwa cha kuazimwa: sanduku dogo la kupima sumaku ya dunia, lenye kadi ya kuhifadhi vipimo. Chuo kikuu kimoja kililinganisha vipimo vya ardhini na vya setilaiti, ili kijue jinsi upepo wa jua, ule unaowasha nuru ile, unavyoitikisa sumaku hiyo. Walimu watatu walipewa masanduku kwa wiki tisa. Mmoja tu angebaki na lake. Amulen alilitaka sana.

Maagizo yalisema: mbali na chuma. Akahamisha majembe, mabati, hata kitanda. Kisha akalifukia nyuma ya nyumba yake, kando ya ukuta wa yadi ya malori, kwa kuwa yadi ina askari, na wezi wa Malaba hawalali.

Mstari wa vipimo, aliouchora kwenye karatasi kila siku, uliruka usiku na mchana. "Dhoruba za jua," aliandika kwenye ripoti.

Jumamosi ya mwisho alipita Haji Swaliki, mwenye malori mawili humo yadini, akakuta karatasi zimetandazwa mkekani.

"Unachora mlima Elgon, mwalimu?"

"Ni jua, Haji. Linavyotusukuma."

Swaliki akavaa miwani. "Na hapa mbona limetulia? Na hapa?"

"Hizo ni Ijumaa. Saa sita na nusu mpaka saa nane. Sijajua kwa nini."

Haji akacheka mpaka kofia ikamteleza. "Mama mwalimu, jua lako limesilimu lini? Saa hiyo yadi nzima tuko msikitini. Hakuna lori linawashwa."

Amulen aliutazama ukuta. Kwa mtu wa Malaba lori si chuma. Ni kama kilima, lipo tu.

"Nyamaza," Swaliki akasema kwa upole. "Nani atajua?"

"Setilaiti itajua." Akazivuta karatasi za Ijumaa, moja moja. Nane zilikuwa zimenyooka. Ya wiki ya sita iliruka saa saba na dakika kumi. "Haji, siku hii mliwahi kutoka?"

"Ile ya mvua? Imamu alihutubu mpaka tukasinzia! Tulitoka saa nane na zaidi."

Amulen akaichana ripoti, akachukua karatasi mpya.

"Vipimo vyangu ni vya malori," aliandika, "isipokuwa saa ya swala ya Ijumaa. Wiki ya sita, malori yakiwa yamezimwa, mstari uliruka. Setilaiti yenu iliona nini? Dada yangu ana shamba kijijini Iyolwa, pasipopita hata baiskeli. Sanduku lingekaa vizuri huko. Mkimpa mwingine, bado naomba jibu."

Akaitia bahashani pamoja na kadi ya vipimo, akaipaka gundi, akaibana kwa kiganja, akampa wakala wa basi la saa kumi.