Demo ya Kundi la Kutu

Katika karakana ya makochi sauti haina pa kugonga ikarudi. Sponji zimepangwa hadi darini, vitambaa vimeviringishwa pembeni, na makochi yasiyovishwa bado yamesimamishwa wima, springi nje. Ndiyo maana kundi la Kutu lilifanyia mazoezi humo kila Jumapili, fundi mwenye karakana akiwa kapumzika nyumbani na ufunguo kamwachia mpwa wake.

Mpwa huyo walimwita Mgurumo. Siku za kazi alijaza mito na kuvisha viti. Jumapili aliimba metali, ule muziki mzito wa magitaa, kama kunguruma kutoka chini ya kitovu kunaitwa kuimba. Mjomba wake alishasema hakuitwi. Waya alipiga gitaa na alikuwa na wasiwasi juu ya kila kitu. Kishindo, msichana wa mabega mapana, fundi umeme, alipiga ngoma. Ndiye aliyekuwa anaondoka kesho yake alfajiri: kapata kazi mkoa wa mbali, kuvuta nyaya za umeme juu ya nguzo, na hakujua angerudi lini.

Kwa hiyo ilikuwa leo au basi. Bila rekodi, Kutu lingebaki kuwa jambo ambalo watu watatu wanadai liliwahi kutokea.

Maiki yao ilikuwa moja. Waya aliining'iniza kwenye ndoano ya taa, akaiunganisha na kompyuta yake iliyopasuka kioo, akamsogeza Mgurumo mbele, spika ya gitaa akaigeuza iangalie kochi. Kishindo alijifunga viganja kwa utepe wa umeme, akagonganisha vijiti. Wakapiga wimbo wao kuanzia mwanzo hadi mwisho bila kukosea, jambo ambalo halikuwahi kuwatokea.

Kisha wakasikiliza.

"Mbona mimi sisikiki?" aliuliza Mgurumo.

"Upo," alisema Kishindo. "Sikiliza vizuri. Kuna mtu kafungiwa kabatini huko nyuma. Ndiye wewe."

Waya alirudisha nyuma, akasikiliza tena, akainua macho. "Kaka, umeshika nini?"

Mgurumo alijitazama. Mikononi alikuwa na mto wa kochi, wa mahameli ya buluu, na katikati yake duara la mate.

Hakukumbuka kuuchukua. Ukuta wa nyuma wa karakana ulikuwa wa mbao, na nyuma ya mbao kulikuwa na chumba cha jirani. Jirani alipojifungua, alikuja mlangoni na kichanga begani, macho mekundu kwa kukosa usingizi. Hakugomba. "Ngoma nitavumilia, kaka zangu. Ila hiyo sauti yako, mwanangu anaruka." Tangu siku hiyo Mgurumo aliimba kakandamiza mdomo kwenye mto. Hakuna aliyemwambia afanye hivyo. Na leo, ili warekodi, jirani alikuwa ameondoka na mtoto kwenda kushinda kwa shangazi yake. "Leo ngurumeni hadi mchoke," aliwaachia.

Kishindo alimnyang'anya mto, akautupa juu ya sponji. Wakaanza upya. Ngoma ziliingia, gitaa likaingia, Mgurumo akafungua kinywa, ikatoka sauti ya mtu anayeomba apishwe mlangoni.

"Tena," alisema Waya.

Mara hii alijiziba mdomo kwa kiganja.

"Mkono!"

"Naona."

"Unaona halafu?"

Mgurumo alikaa juu ya kochi lisilo na sponji. "Siku nyingi sijaisikia ikitoka wazi. Inanitisha mwenyewe."

"Mimi kesho saa hizi niko juu ya nguzo," alisema Kishindo. "Tishika leo, kaka, tumalize."

Mlango uligongwa. Alikuwa jirani, mtoto begani, analia hadi sauti imekauka. Waya alizima spika haraka.

"Samahani, dada, tulijua bado uko kwa shangazi..."

"Tumeshindwa. Hajafumba jicho tangu tufike. Nyumba kimya, hata saa ya ukutani haina mlio. Shangazi kaimba, nami nimeimba, wapi! Pigeni."

"Tupige nini?"

"Hiyo yenu ya kila Jumapili. Si ndiyo anayolalia?"

Walitazamana. Mgurumo aliupanda mlima wa sponji, akaushusha mto, wakapiga kama walivyozoea. Kabla ya ubeti wa pili kichwa cha mtoto kilikuwa kimelegea begani mwa mama yake.

"Basi tena," alinong'ona Waya. "Tumekwisha."

Jirani aliuliza wamekwisha vipi. Kishindo alimweleza kwa maneno machache: safari, maiki, mto.

"Kumbe muda wote huu unajiziba kwa ajili yangu?"

"Si yako, dada," alisema Mgurumo. "Yake. Sasa kalala. Siwezi kumwamsha."

"Akiamka nitambembeleza mimi. Hiyo kazi yangu, na naiweza. Wewe fanya yako." Akanyoosha mkono, akauchukua mto, akauweka chini ya kichwa cha mwanawe.

Kishindo hakungoja mtu abadili mawazo. Aligonganisha vijiti.

Sauti ya Mgurumo ilipotoka, springi za makochi ziliitikia. Ilikuwa nene, chafu, ina mikwaruzo, kubwa kuliko kifua kilichoitoa. Mtoto alifumbua macho. Mdomo wa chini ukamtetemeka, kisha akaangua kilio. Mgurumo alimwona. Alifumba macho akaendelea. Katikati sauti ilimkatika, akaiokota palepale. Kwenye pigo la mwisho Kishindo aliipasua ngoma ndogo, kijiti kikazama ndani, na hapo hapakuwa na cha kurudia tena.

Walisikiliza wamesimama. Gitaa lilifunika kila kitu mwanzoni. Ngoma zilikimbia kama zinafukuzwa. Lakini sauti ilikuwepo, na mwishoni mtoto alisikika akipinga kwa nguvu zake zote.

"Nikate hapo mwisho?" aliuliza Waya.

"Thubutu!" alisema Kishindo. "Yeye peke yake ndiye aliyeenda na mdundo."

Jirani alikuwa bado anambembeleza, anatembea huku na huku kati ya makochi. "Nirushieni ile ya kwanza," alisema.

"Ile mbovu?"

"Mbovu kwenu."

Waya alimrushia kwenye simu, naye akaondoka na mtoto, na mto.

Walikuwa wanafungua ngoma sauti ilipoanza kupenya kwenye mbao: gitaa dogo, ngoma za mbali, na mtu kafungiwa kabatini. Kilio kilipungua, kikawa kwikwi, kikaisha.

"Umeshapata shabiki," Kishindo alisema.

Kochi la mteja lilihitaji mito minne, ikabaki mitatu, na mjomba angefika asubuhi. Mgurumo alitafuta kipande cha mahameli ya buluu, akakitandaza mezani, akaanza kukata. Kishindo alikuwa na mizigo ya kufunga nyumbani. Alivuta kiti, akakaa hadi mto ukashonwa, vidole vyake vikigonga springi taratibu ili asimwamshe mtu.