Pete Iliyozunguka Bure

Mpiga picha, ambaye mtaa mzima ulimwita Tulia kwa sababu hilo ndilo neno alilowaambia watu tangu waketi mpaka wanyanyuke, aliikuza picha ya kwanza kwenye kompyuta ya studio na moyo ukamlipuka. Akafungua ya pili. Akafungua zote. Ukuta wa nyuma ulikuwa umetoka vizuri ajabu, kila ufa wa rangi ukionekana. Mama yake na mama yake mkubwa, waliokaa mbele ya ukuta huo, walikuwa kama watu wanaotazamwa kupitia kioo cha bafuni.

Wanawake hao, ndugu wa tumbo moja, hawakuwa wamesemezana tangu nyumba ya baba yao iuzwe. Tulia alikuwa amewabembeleza mpaka ulimi ukaota sugu: picha moja tu, kabla mama mkubwa hajahamia kwa mwanawe, mbali. Wakaja. Wakaketi kila mmoja akitazama upande wake, kama abiria wasiojuana. Halafu, bila kuambiwa na mtu, mama alinyoosha mkono akaushika wa dada yake, na mama mkubwa akasema, "Mikono yako bado ya baridi vilevile." Hapo ndipo Tulia alipobonyeza, akabonyeza tena, machozi yakimlengalenga.

Na sasa mikono ile ilikuwa uji mtupu.

Aliichomoa lenzi kwenye kamera. Ilikuwa ya bei nafuu, ile ya kulenga kwa kuzungusha pete kwa mkono, na alikuwa ameinunua dukani kwa shemeji yake, mume wa mdogo wake. Tulia alikuwa na utaratibu wake. Mtu huketi kwenye alama ya chaki. Yeye hulenga mara moja, kisha huifunga pete kwa tepu nyeusi isisogee, na kuanzia hapo hutazama nyuso, hatazami lenzi tena. Wala hafungui picha mbele ya waliokaa, maana kila mmoja atataka kidevu chake kifutwe.

Tepu ilikuwa palepale. Akashika kioo cha mbele kwa vidole, akakisukuma kidogo. Kikazunguka chenyewe, pete haina habari. Skrubu za ndani, zinazoiunganisha pete na vioo, zilikuwa zimelegea. Alikuwa amefunga ganda. Vioo ndani vilikuwa vikijitembeza kila alipoinamisha kamera.

"Mwizi," alisema. "Mwizi wa mchana kweupe."

Alifika dukani bado akiwa na tepu imemganda kwenye kidole gumba. Shemeji alikuwa akimwonyesha dada mmoja mikanda ya kamera.

"Shemeji! Karibu, kiti hicho."

"Sikuja kukaa." Aliitua lenzi juu ya meza ya kioo, ko!

"Mbona unapumua kama pikipiki mbovu?"

"Uliponiuzia hii uliniambia nini?"

"Chuma kitupu. Na ni chuma. Igonge uone."

"Ganda ndilo chuma. Ndani mmeweka nini, imani?"

Yule dada alicheka puani. Shemeji akamtupia jicho, akashusha sauti. "Zungumza taratibu basi, kuna wateja."

"Ndiyo maana nazungumza kwa nguvu!"

"Sasa shemeji, kitu cha bei ile unataka kikupikie na kukufulia?"

"Sikutaka kinifulie. Nilitaka kikae nilipokiweka!"

Akaomba bisibisi ndogo. Hakupewa. Akaichukua mwenyewe kwenye kopo la kalamu, akabandua mpira unaozunguka pete. Skrubu tatu. Moja ilianguka yenyewe, ikabingirika juu ya meza. Vichwa vya zote vilikuwa vimetafunwa.

"Nani aliifungua hii kabla yangu?"

Shemeji alianza kufuta meza ambayo haikuwa na vumbi.

"Nakuuliza."

"Kuna mtu aliirudisha. Nikazikaza. Ikawa nzima kabisa, haki ya Mungu."

"Ukatia gundi zisilegee?"

"Gundi ilikuwa imeisha."

"Ukafikiri nani atameza hii bila kelele? Ukaona mtu wa nyumbani."

"Si ndiyo undugu, shemeji? Kuvumiliana."

Yule dada alirudisha mkanda kwenye msumari wake akatoka bila kuaga. Tulia akaisukuma simu ya shemeji kifuani mwa mwenyewe. "Mpigie mama mkubwa. Mwambie ulichofanya, kwa mdomo wako."

Shemeji akapiga, jasho likimchuruzika. Mama mkubwa alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Picha imeharibika kwangu au kwake?"

"Kwenu wote, mama."

"Afadhali. Basi nitakuja tena kabla ya safari. Mwulizeni mwenzangu."

Shemeji akang'aa kama aliyeachiwa huru. Akashusha kutoka rafu ya juu lenzi ghali kuliko zote, kwenye kiboksi kisichofunguliwa. "Unaona? Yamekwisha hayo. Twende kwa mama."

Mama alikuwa barazani akikunja nguo zilizokauka. Alimsikiliza mkwe wake bila kuacha kukunja.

"Dada amekubali?"

"Amekubali, mama. Na hii lenzi ni ya kweli."

"Mimi sikubali."

"Mama," Tulia alianza.

"Wewe usiniambie tulia." Aliikung'uta shuka ikalia. "Ule mkono sikuupanga. Nikirudi kukaa pale nitakuwa najua pa kuunyoosha, naye atakuwa anaungoja. Hayo ni maigizo, na mimi na dada tumeigiza vya kutosha kwenye misiba ya watu."

Shemeji alimsogezea Tulia kiboksi kwa mikono miwili. "Basi ichukue wewe, iwe fidia."

Tulia aliitazama ile mikono na hakukipokea kiboksi.

"Mkwe wangu," mama alisema kwa upole wote, "karibu ndani, chai ipo. Hicho kiboksi kiache nje."

Shemeji akasimama kizingitini, kiboksi kifuani, hajui akitue wapi. Tulia alikuwa ameziba mlango kwa bega, na hakusogea hata kidole kumpisha.