Punje za Mwaka Jana

Jumapili, tarehe kumi na moja Agosti, saa kumi na dakika arobaini alasiri, kamera ilianza kujipiga yenyewe kila sekunde kumi, na Dorra, amejifunika shuka jeupe juu ya paa la bibi yake mjini Nabeul, akabana pumzi, usitikisike, shuka lishike pua, lishike mdomo, watazamaji waone huzuni inavyomkalia kila asubuhi kabla hajafumbua macho, nyepesi, safi, haipitishi hewa... moja... mwalimu wake wa picha alizitazama zile picha kumi na moja za kwanza, Dorra nyuma ya kioo chenye mvuke, Dorra kivuli ukutani, Dorra visigino tu, akauliza, “Huzuni nimeiona, binti, mwenyewe yuko wapi?” na maonyesho yanafunga kupokea picha kesho saa tatu asubuhi, ya kumi na mbili ni hii au basi, arudi kupiga visigino... mbili... lakini mbona shuka linanuka ngano, linanuka Agosti zote, shangazi zake wamekaa duara wakiviringisha unga wa ngano kwa viganja uwe punje ndogo za kuskusi, wakizitandaza juani juu ya shuka hilihili, yeye wa miaka saba ameambiwa asikanyage, akakanyaga, punje zikamtekenya nyayo, akacheka mpaka akakaa chini... hapana, uso wa huzuni, Dorra, huzuni... tatu... na ndara zinapanda ngazi, pa, pa, pa.

“Ya Latifu! Nani kafia juu ya paa langu?”

“Ni mimi, bibi. Napiga picha ya moyo wangu.”

“Moyo wako una pua kubwa hivyo? Vua! Hilo shuka langu la kuskusi, kwenye pindo nimefunga...”

Fundo, lile fundo la pindoni, alilihisi tangu mwanzo, lilivuta kitambaa upande wa kushoto, likaharibu mstari, akalilegeza kwa sababu hawezi kuacha kitu kimekaa upande, na sasa amekumbuka, konzi ya mwisho ya kuskusi ya kila mwaka ambayo bibi huitunza ili aichanganye na ya kwanza ya mwaka unaofuata, miaka arobaini haijakatika, na yeye ameinua mikono ajifunue, fundo limefunguka, punje zimemmiminikia kichwani, shingoni, ndani ya gauni, zinatekenya, zilezile...

“Baraka yangu!” bibi akapiga kelele, kisha akamwona, akashika mbavu. “Mwanangu, umekuwa sahani! Bado mchuzi tu!”

...nne, na Dorra kinywa wazi, shuka liko mabegani, lilelile, halijabadilika uzi, anacheka na hewa inaingia, ilikuwa inaingia siku zote, alikuwa akibana yeye... tano, sita, kamera haijali, inaendelea.

Asubuhi yake, saa mbili kasoro dakika kumi, alituma picha ya nne. Kisha akapanda paani na unga wa bibi, akachomoa nyweleni punje tatu alizokuwa amelala nazo, akazichanganya na konzi ya kwanza ya mwaka huu.