Matumbawe Machanga ya Kojani

Kila walipotoka baharini nje ya kisiwa cha Kojani, Bi Kauthar alitapika. Aliinama ubavuni mwa boti, akamaliza, akasukutua, kisha akavaa mtungi wake wa hewa na kuzama. Suud, nahodha wake, alikuwa amebeba watu wengi, lakini hakupata kumwona mtu anayeonewa na bahari namna ile na bado akaifuata.

Kazi ya Bi Kauthar, mtaalamu wa bahari, ilikuwa kuuchunguza mwamba wa matumbawe baada ya meli kumwaga mafuta. Serikali ikasimamisha uvuvi mwambani mpaka yeye aseme pamepona. Miezi ikapita, maji yakarudi kung'aa, na wavuvi wakataka wafunguliwe. Suud naye alitaka. Nduguze wote walikuwa wavuvi.

"Bi Kauthar, si useme tu pamepona? Watu wamechoka."

"Pakipona nitasema. Bado. Na sitaki walisikie hilo kwa mtu mwingine. Nipeleke Kojani."

Akampeleka, roho juu. Pwani ilijaa watu. Mzee Kificho, mkubwa wa wavuvi, aliitikia salamu kwa heshima, kisha akauliza, "Umekuja kutwambia tufe njaa, mwanangu?"

"Nimekuja kuwaambia nilichokiona, Mzee wangu. Matumbawe makubwa yako hai, lakini hayazai. Mafuta yamejificha mchangani, na tumbawe changa halishiki penye mafuta. Mkitia nyavu na nanga sasa, hata hayo makubwa tutayakosa. Ila msiniamini kwa maneno. Twende ukaone."

Mzee Kificho akaenda, akazamia na miwani yake ya siku zote, akafukua mchanga. Alipoibuka alitazama vidole vyake: vilikuwa vyeusi. Wakarudi pwani.

"Tutavua maji makuu, huko mbali," aliwaambia watu. "Mwamba tuuache."

Ulikuwa mwaka mzito. Ndugu zake Suud walikwenda mbali na kurudi na vitoweo vichache. Bi Kauthar hakujificha. Baada ya kila safari alipita Kojani kueleza alichokikuta, na hata alipokuwa hana jambo jipya, alikwenda kusema kuwa hana. Waliomnunia mwanzo wakaanza kumngojea.

Msimu uliofuata Bi Kauthar aliibuka, akamshika Suud mkono kwa nguvu. Suud akadhani ameumia.

"Machanga yameshika," alisema. "Upande wote wa kusini. Madogo kama punje za choroko."

Suud akaomba miwani, akazama. Ilibidi atulie ndipo ayaone: meupemeupe, yamegandama jiweni, kila moja na mdomo wake wazi. Alikaa chini mpaka pumzi ikamwishia.

Siku hiyo, Kojani, Bi Kauthar alimwachia yeye aeleze. Suud alieleza kwa kirefu, akionyesha udogo wa matumbawe yale kwa ncha ya kidole. Serikali ilipoufungua mwamba, wavuvi wenyewe waliamua upande wa kusini usiguswe kwanza.