Dakika Kumi za Mwanga

Mama mkwe wangu, Bi Zainab, hakuwahi kumuona mama yake, aliyefariki siku ya kumzaa. Mwezi uliopita binamu yake wa Unguja alipata negativu ya kioo, ile ya kusafishia picha zamani, yenye sura ya marehemu, akatuletea huku Tottenham, London. Na daktari keshasema: macho ya bibi hayamalizi mwaka huu.

Kuitazama kwenye simu hawezi, mwanga wake unamchoma macho. Alitaka picha kubwa ya karatasi aishike mkononi. Ndipo akapanda mzee Gurdial, Singasinga wa Nairobi anayekaa ghorofa ya chini, na sanduku la babu yake la kukuzia picha kwa mwanga wa mchana. La mbao, halina umeme. Kioo hukaa mwisho mwembamba, karatasi ya picha mwisho mpana, lenzi katikati. Alilipakia bafuni gizani, akanipa.

"Enda balkoni. Toa kifuniko, elekeza mawinguni dakika kumi. Mikono yangu inatetemeka, na hii haitaki kutikiswa."

Nilikuwa nimeshika kifuniko nilipomsikia Bi Zainab kupitia dirishani: "Mbona umempa yeye? Miaka kumi na tisa yumo humu, mpaka leo uji unamshinda. Mwanangu kaoa mzigo."

Na mimi ndiye ninayemwogesha! Nilihesabu dakika kumi barabara. Kifuniko sikukifungua.

Gurdial aliitia karatasi kwenye dawa ya kusafishia picha. Ikabaki nyeupe.

"Ulitoa kifuniko?"

"Nilitoa."

Mtu mwema yule. Aliilaumu karatasi yake, akashuka kutafuta nyingine.

Nilimpelekea bibi ile nyeupe. Akaisogeza dirishani, akaikurubisha mpaka puani.

"Sioni kitu, Najla. Weupe tu."

"Ni macho, mama. Picha imetoka vizuri."

Akaipapasa karatasi.

"Basi nieleze wewe. Yukoje?"

Nilifurahi. Naona haya kulisema, lakini nilifurahi.

"Kanuna, mama. Anakutazama kama hakutaki."

Nilidhani atanitukana. Akanirudishia karatasi kwa mikono miwili.

"Kile kioo kivunje," akasema. "Mwanangu asije akamuona."

Nilikitoa sandukuni. Sikuwahi kukitazama vizuri, nikakiinua dirishani. Marehemu alikuwa anacheka, mkono kauweka juu ya tumbo lake kubwa.

Nikasikia miguu ya Gurdial kwenye ngazi, anarudi na karatasi mpya. Nikakiachia kioo, kikapasuka sakafuni.