Kibao cha Muriel

Muriel Haigh alipofariki mwezi wa Januari, mumewe Clifford hakujua afanye nini na makorokoro yake, akambebea Enid Ackroyd boksi zima hadi mlangoni. "Chukua wewe, Enid. Mwenyewe angetaka hivyo." Ndani mlikuwa na mashine ya kukatia kadi, ile ya kuzungusha mpini kwa mkono, vyuma vyembamba vyenye makali vya kukatia maua na herufi, na kibao kimoja cha plastiki kilichochakaa vibaya.

Sasa, kila mtengeneza kadi anajua habari ya vibao. Unalaza karatasi juu ya kibao, chuma juu ya karatasi, unazungusha. Chuma kinakata karatasi na kukiuma kibao pia. Kibao kikijaa makovu, karatasi inayofuata inatoka na alama hafifu za kazi za zamani. Mwenye akili hukitupa. Enid hakukitupa, maana Muriel alikuwa shoga yake wa miaka arobaini, na pia, tuseme ukweli, Enid alikuwa mkono wa birika.

Jumanne, kina mama wa kadi walipokutana katika ukumbi wa kanisa, Enid alikata kadi ya siku ya kuzaliwa. Ikatoka na jina limebonyea kidogo kwenye kona: NORMAN.

"Muriel huyo, bado anatutania!" akacheka Sylvia, jirani yake wa mezani. "Nunua kibao kipya, mpenzi. Ubahili huo utazikwa nao."

"Nitanunua siku utakayoleta biskuti zako mwenyewe."

Jumamosi Norman mwenye bucha akaanguka dukani kwake, akafa palepale. Enid akajiambia imetokea tu. Jumanne iliyofuata, kwenye kona ya kadi, likatokea jina SYLVIA. Enid akaificha ile kadi chini ya sahani, na Sylvia mwenyewe yuko pale pembeni anapiga soga na kutafuna biskuti za wenzake. Alhamisi Sylvia akateleza kwenye ngazi za nyumbani kwake. Hakuinuka tena.

Enid alijilaumu mno. Kwa nini hakumwambia? Lakini angemwambia nini? Akakiviringisha kibao kwenye taulo, akakisukuma nyuma kabisa ya kabati, akaapa hakigusi tena.

Ila Enid alikuwa na binti mmoja tu, Lorna, na Lorna alikuwa na mimba ya nne. Tatu za kwanza ziliharibika. Jumatatu asubuhi mkwewe, Gareth, akapiga simu: presha ya Lorna imepanda, anapasuliwa mchana huu, mama kaa nyumbani tutakupigia.

Akae vipi? Mama gani angekaa? Ilipofika saa sita na nusu, taulo lilikuwa limeshafunguliwa mezani. Hakuweka chuma chochote, aliweka karatasi nyeupe tupu, akazungusha mpini. Akaigeuza karatasi kwenye mwanga wa dirisha.

LORNA.

Lo! Kisha akakumbuka jambo ambalo mikono yake ilikuwa ikilijua siku zote: kovu la kibao halifutiki, ila unaweza kukata kitu kingine juu yake mpaka lipotee. Akatafuta herufi kwenye boksi la Muriel. E. N. I. D. Akazipanga juu ya jina la mwanawe, akazungusha. Akarudia. Mara ya tano, ya sita, mashine ikalia.

"Nichukue mimi, Muriel," alisema. "Nimeshakula chumvi ya kutosha."

Akapitisha karatasi mpya. Ikatoka na ENID peke yake, safi kabisa. Akarudia mara moja zaidi, kwa kuhakikisha tu, na kibao kikapasuka vipande vitatu. Hakujali. Hakuogopa hata kidogo. Alichemsha chai, akainywa yote, na simu ikalia.

"Mama! Msichana! Ratili saba! Mimi mzima, yeye mzima!"

Enid alilia kwa furaha mpaka akakosa pumzi.

"Na kuna jambo mimi na Gareth tulikuficha," Lorna akasema, akicheka. "Tumempa jina lako. Enid. Wameshamfunga utepe wa jina mkononi, ungemwona..."

"Hapana."

"Mama?"

"Mpeni jina lingine! Lolote lile, Lorna, sasa hivi. Kata huo utepe!"

"Kwa nini?"

Enid akafungua kinywa. Aanzie wapi? Kwenye kibao? Kwa Norman? "Silitaki," alisema, na sauti yake ilikuwa mbaya hata masikioni mwake. "Sitaki aitwe jina langu."

Kwa mbali mtoto alikuwa akilia. Kisha Lorna naye akaanza kulia, akajikaza.

"Nimepoteza watatu wasio na jina, Mama. Huyu analo. Utake usitake, anaitwa Enid."

Akakata simu.