Ruta Isiyo na Namba

Fundi Lebo, kama walivyomwita kazini dada huyu wa chumba cha mitambo, hakuwa amemaliza hata chai yake mdogo wake alipopiga simu kutoka mlimani. Huko juu intaneti ilikuwa imekata tangu jana jioni, na maombi ya chuo cha uuguzi yalikuwa yanafungwa saa sita mchana. Binti alikuwa amekaa nyumbani mwaka mzima akiisubiri siku hiyo moja.

"Tulia, mdogo wangu," dada akamwambia. "Usibanduke hapo kwenye kompyuta."

Kwa kompyuta yake akaingia kwenye ruta ya mjini, mtambo wa kuelekeza data njia, akaiuliza habari za jirani yake wa mlimani. Kazi ya ruta hizi wala si uchawi. Kila kifurushi cha data hubandikwa lebo ya kukionyesha njia, na kila ruta humwambia jirani: mzigo wa kupitia kwangu, ubandike lebo hii. Ila kabla ya kuambiana, lazima neno la siri liwe moja. Hizi mbili zilikuwa zinasalimiana vizuri tu, lakini lebo hakuna. Jana ofisi ilibadilisha neno la siri kwenye ruta zote zilizomo kwenye rejista ya mitambo, na ile ya mlimani, ambayo mafundi waliiita Bibi, haikuwemo. Ilitolewa stoo kwa muda, miaka tisa iliyopita, ikasahauliwa huko huko mlimani ikichapa kazi. Mwaka huo huo Fundi Lebo naye aliitwa kushika nafasi, kwa muda.

Dawa ilikuwa kumwandikia Bibi mstari mmoja wenye neno la siri jipya. Lakini kugusa mtambo bila kibali ni kosa, na vibali vyote hutoka kwa Mama Vibali.

Mama Vibali alimpenda kama mwanawe wa kumzaa. Akampa kiti, akamuuliza kama amekula, kisha akaanza kujaza fomu. Kompyuta ikataka namba ya ruta. Bibi hakuwa na namba. Aliyeweza kumwingiza kwenye rejista ni mkuu wa kitengo peke yake, na mkuu, jamani, alikuwa kwenye semina hadi Ijumaa.

"Mwanangu, kifaa hiki hakipo," Mama Vibali akasema kwa huruma.

"Hakipo, na mlima mzima unakitegemea."

Saa tano na nusu akarudi mezani kwake. Liwalo na liwe. Akaingia kwa Bibi, akaandika ule mstari. Baada ya sekunde chache lebo zikaanza kumiminika. Saa sita kasoro dakika nne mdogo wake akapiga, analia huku anacheka: fomu imepokelewa. Fundi Lebo naye machozi yakamtoka, akajifanya anapiga chafya.

Alasiri mkuu akapiga simu kutoka semina. Ameona kumbukumbu za mtambo, na aliyeugusa aandikiwe barua ya onyo leo hii. Mama Vibali akamwita Fundi Lebo, hata kumtazama usoni hawezi, akaanza kuandika. Kompyuta ikataka namba ya mfanyakazi. Akapekua rejista ya wafanyakazi mara mbili, kisha akaangua kicheko.

"Umepona, mwanangu. Kibarua hana namba, hapewi onyo. Nenda zako nyumbani."

Fundi Lebo hakucheka. Akakivuta kile kiti cha asubuhi, akaketi.

"Niandikie, mama. Mwambie mkuu anipe namba. Hata kama ni ya onyo, naitaka."